Mwaka Jina la Mafuru Lilipokatwa

Mwezi uliopita nilikwenda Butiama kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu, na pale chini ya turubai, sahani ya pilau ikiwa magotini, nikakutana na Mama Nyamisi. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Siku hizi anatembea kwa mkongojo na jicho lake moja limeingia ukungu, lakini sauti ni ileile, ya chini, inayomlazimisha mtu asogee ili aisikie. Aliniangalia, akala kidogo, akaniangalia tena, kisha akaniuliza kama mimi si yule karani wa Bunda. Nikamwambia ndiye mimi, shikamoo mama. Akaitikia, akanishika mkono wa kushoto, na hakuuachia tena mpaka tulipomaliza kula. Kwenye viti vya nyuma yetu walikaa vijana waliokuwa wakizungumza habari za uchaguzi wa mwaka huu: jina la nani limerudi, la nani limekatwa, na kwa nini wanachama wanaitwa kupiga kura za maoni wakati maoni yenyewe yameshatolewa huko juu. Mmoja wao alikuwa na hasira ya kweli. Alisema ni sawa na kuambiwa uchague mchumba unayemtaka, halafu unakuta umeletewa ndugu watatu wa nyumba moja. Wenzake wakacheka. Mama Nyamisi hakucheka. Alinisogelea akasema, "Wanadhani imeanzia kwao."

Nilirudi Musoma jioni ileile, na njia nzima sikuweza kufikiri jambo lingine. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiukumbuka mwaka ule kama mtu anavyokumbuka ugonjwa aliowahi kuugua: anajua amepona, lakini hapendi kuutaja. Wala hakuna mtu aliyewahi kunilaumu. Ni mimi tu niliyekuwa na kesi na nafsi yangu. Sasa nilipokaa pale Butiama, mkono wangu ndani ya mkono wa yule mama, nikatambua kwamba kesi hiyo ilikwisha zamani, na kwamba ningeweza kuisimulia.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uhazili, na chama kikaniajiri kuwa karani katika ofisi yake ya wilaya pale Bunda. Nilipanga chumba mtaa wa Nyasura, kwa Bi Mwajuma, fundi cherehani, ambaye mumewe alikuwa seremala na alikuwa akitengeneza vitanda nyuma ya nyumba. Chumba changu kilitenganishwa na chumba cha cherehani kwa ukuta ambao haukufika juu, kwa hiyo kila kilichosemwa kule nilikipata mimi kitandani, kizima kizima. Na mengi yalisemwa. Mwanamke anapopimwa gauni husimama amenyoosha mikono, hana la kufanya, basi huzungumza. Wake za watumishi, wake za wafanyabiashara, wake za wajumbe wa kamati, wote walikuja kwa Bi Mwajuma kwa sababu hakuna mwingine pale mjini aliyejua kukata kola kama yeye. Asubuhi alikuwa akinipa uji wa ulezi katika kikombe cha bati. Jioni tulikula pamoja mkekani, mara nyingi ugali wa muhogo kwa samaki wa sato au maharage, na Ijumaa pilau. Hakunihesabu kama mpangaji. Alikuwa akiniita mwanangu, na kama nimechelewa alikuwa akinifunikia chakula kwa sahani nyingine na kuniuliza kwanza nimeshindaje, ndipo anikaribishe kula.

Ofisi yetu ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele nilikaa mimi na mashine ya taipu, cha nyuma alikaa Katibu. Msimu wa pamba, nyuzi nyeupe zilipeperuka kutoka kiwanda cha kuchambua pamba zikaingia dirishani, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuipuliza mashine kabla sijaweka karatasi. Katibu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mpole. Kila saa nne alikuwa akila yai moja la kuchemsha, akilimenya taratibu mno kana kwamba ana siku nzima. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanga mafaili, kuandika muhtasari wa kikao, na kutosema nje yale niliyoyasikia ndani. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hutafuta mtu mbaya, na mkono wao humwangukia yeye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na mimi nilikuwa karani wake.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Katika kata moja ya upande wa Kibara, ambayo sitaitaja, watu saba walichukua fomu kuomba udiwani. Mmoja alikuwa diwani aliyekuwapo, Bwire, mwenye maduka na mashine za kusaga. Mwingine alikuwa binamu yake. Lakini jina lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa la Mafuru. Mafuru alikuwa mpimaji wa pamba wa ushirika. Mtu asiyetoka nchi ya pamba hawezi kuelewa jambo hili lina uzito gani. Mkulima analima mwaka mzima, halafu jasho lake linatundikwa kwenye ndoano ya mizani, na mtu mmoja anasoma namba. Wapimaji wengi walisoma namba wanayoitaka wao. Mafuru alikuwa akimwita mkulima aje asimame karibu naye, asome mwenyewe, na asiyejua kusoma alimruhusu aje na mtoto wake wa shule. Ni hilo tu. Hakuwa msemaji wala hakuwa na gari, lakini wazee kwa vijana walikuwa wakisema kura yao ni ya Mafuru hata kama yeye hajaiomba.

Utaratibu ulikuwa kwamba kila aliyejaza fomu anaitwa Bunda kwenye usaili mbele ya kamati, kisha kamati inarudisha majina matatu, na wanachama wa kata wanapiga kura kati ya hayo matatu. Nilipiga chapa barua saba za wito. Katibu alizitia saini zote, akaziweka kwenye bahasha, kisha akanirudishia sita mkononi na ya saba akaiweka juu ya meza yangu peke yake. Akasema, "Hii ya Mafuru iache kwanza." Nikamuuliza mpaka lini. Akasema nitaambiwa. Niliitia katika droo. Sikuambiwa chochote siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Siku ya nne ilikuwa ya usaili.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua. Nadhani nilijua tangu nilipoifunga droo. Kijana anapoanza kazi hujifunza haraka sana kutojua mambo. Nami nilikuwa mwanafunzi mzuri. Lakini jioni ya siku ya pili, nikiwa nimejilaza chumbani, alikuja mke wa mjumbe mmoja wa kamati kupimwa gauni la sherehe. Nilimsikia akimwambia Bi Mwajuma kwamba habari ya kule Kibara imekwisha, jina la yule mzee wa pamba halitarudi, watu wakubwa wameshaelewana. Bi Mwajuma akamuuliza, watu wa kule nao wameelewana? Mwanamke akasema watu wa kule watachagua watakaopelekwa kwao. Kisha wakaendelea na habari za mikono ya gauni, kama iwe mirefu au mifupi. Baada ya hapo sikuwa na namna ya kusema sijui.

Siku ya usaili walikuja sita. Mimi nilikuwa nikiingiza chai na kutoka, na katikati niliandika. Bwire alizungumza muda mrefu juu ya maendeleo. Binamu yake akazungumza juu ya maendeleo ya Bwire. Wa nne kuingia alikuwa mwanamke mfupi aliyejifunga kitenge kipya, viganja vyake vimekauka kwa chumvi na jua. Huyo ndiye Mama Nyamisi, mjane, muuza dagaa, ambaye wenzake wa kikundi cha akina mama walimsukuma achukue fomu, nusu kwa mzaha. Wakamuuliza akichaguliwa atafanya nini. Akafikiri, kisha akasema kwa ile sauti yake kwamba dagaa wakinyeshewa na mvua mchangani wanaoza, na mama aliyekopeshwa dagaa hao na wavuvi hulia, kwa hiyo yeye angetaka zijengwe chanja za kuanikia, ziinuliwe kutoka chini. Wajumbe wawili wakacheka. Mmoja akamuuliza kama ni hilo tu. Akajibu kuwa analolijua yeye ni hilo, mengine angeuliza. Kati ya wote sita, yeye peke yake ndiye aliyejibu swali aliloulizwa.

Walipokaa kuchagua majina, Mafuru aliondolewa kwa sentensi moja: hakuhudhuria usaili bila kutoa taarifa. Niliiandika. Mkono wangu uliiandika vizuri tu, kwa mwandiko safi. Bwire akawa wa kwanza, binamu wa pili, na wakahitaji wa tatu. Mwenyekiti wa kikao akasema awekwe mtu asiye na watu, msindikizaji, pasiwe na usumbufu. Mwingine akasema, mwekeni yule mama wa dagaa, tena itaonekana tumewajali wanawake. Wakakubaliana. Na kwa kuwa fomu ya kupeleka mkoani Musoma ilidai sifa za kila mmoja, wakaanza kumtungia sifa, mmoja akisema neno na mwingine akiongeza, wakicheka: mwadilifu, mchapakazi, anakubalika kwa wananchi wote wa kata bila ubaguzi. Nilipiga chapa yote hayo, nakala tatu, na wote wakatia saini.

Usiku ule sikula. Bi Mwajuma hakuniuliza, ila asubuhi yake, Jumamosi, alipoona uji umepoa kikombeni, aliacha cherehani akaja kukaa kwenye kizingiti cha mlango wangu. Nilimwambia yote, hata ile barua. Nilitaka aniambie kwamba kosa si langu. Hakusema hivyo. Alisema, "Mwanangu, barua ya mtu ni amana. Ukikaa nayo, umekaa na kitu cha mwenyewe." Nikamwambia usaili umekwisha, barua haina kazi tena. Akasema kazi ya barua si yangu kuijua, yangu ni kuifikisha. Kisha akaenda jikoni, akanifungia chapati mbili kwenye karatasi, akanipa pasipo kuniambia niende wapi.

Nilipitia ofisini, nilikuwa na ufunguo, nikaichukua ile bahasha. Nilipata pikapu iliyokuwa ikienda Kibara na magunia ya chumvi, na dereva akaniweka mbele. Njia ilikuwa ya vumbi jekundu na mashamba ya pamba yalikuwa yameshavunwa. Sehemu fulani ziwa linaonekana ghafla kulia, kisha linajificha tena. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilipanga kusema nimeisahau kwenye droo. Nilipanga kusema Katibu alikuwa safarini. Nilipofika kwa Mafuru nilimkuta amekaa kivulini mwa nyumba yake akirekebisha kamba za kitanda, fulana imetoboka begani, nami nikasahau uongo wote niliokuwa nimeuandaa. Nilimwamkia, nikampa bahasha kwa mikono miwili, nikamwambia hii ilikuwa kwangu kwa siku tano.

Aliisoma taratibu. Akaisoma tena. Akaniuliza kama usaili umeshafanyika, nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna jina lake, nikasema hapana, na nikamwambia na sababu iliyoandikwa, na kwamba aliyeiandika ni mimi. Nilitegemea anifukuze. Aliikunja barua kama ilivyokuwa, kisha akasema, "Haya. Barua imefika." Akamwita mkewe anitafutie chakula.

Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Magesa, alinipeleka jikoni kwake, chumba cha udongo chenye giza la moshi na mafiga matatu, akaniweka kwenye kigoda. Alipakua ugali wa mtama na mchuzi wa kamongo, samaki wa ziwani. Alikuwa amesikia kila kitu kutokea dirishani. Hakuniambia pole wala hakunikaripia. Aliniuliza tu waliobaki ni akina nani. Nikamtajia Bwire. Akatikisa kichwa. Nikamtajia binamu. Akapuliza moto. Nikamtajia Mama Nyamisi, na hapo akageuka na kijiti cha moto mkononi. "Nyamisi gani? Huyu wa dagaa?" Nikamwambia ndiye. Akaniuliza kama nina hakika, kama imeandikwa, na kama kuna saini. Nikasema saini zipo zote. Akaanza kucheka peke yake, kicheko cha polepole, akakaa chini. "Nyamisi huwaga anatukopesha dagaa sisi wote kijiji kizima," alisema. "Hakunaga nyumba hapa ambayo haijala kwake mwaka wa njaa. Hao wa Bunda wameuliza nani ana watu, au wameuliza nani ana gari?"

Alitoka akaenda kumwambia mumewe. Sikusikia alivyomwambia, lakini nilimwona Mafuru akisimama, akaacha kamba zake, akaenda zizini, akakaa huko ameegemea mwimo wa lango. Lilikuwa jambo gumu kwake na sioni haya kulisema kwa niaba yake. Watu walikuwa wamelitaja jina lake mwaka mzima. Alikuwa ameshaanza kujiona diwani. Na sasa anaambiwa amwombee kura mwanamke ambaye alikuwa akimletea samaki mlangoni, tena mwanamke aliyewekwa pale kama kichekesho. Pikapu ilipopiga honi ya kurudi, alikuwa bado yuko zizini. Nilikwenda kumuaga. Akaniambia, "Binti, mimi nimezoeaga kupima vitu vya watu. Kupimwa sijazoea. Nipe siku mbili."

Siku mbili zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Jumatatu majina yalitangazwa, na jioni habari zikaja Bunda kwamba vijana wa kule wameweka mawe barabarani, wanasema mtu wa chama akitia mguu kata yao ataona. Wengine walikuwa wamechoma kadi zao za chama mnadani. Wengine walikuwa wakisema wataichoma na ofisi ya kata. Katibu alipigiwa simu mara tatu asubuhi ya Jumanne, na kila baada ya simu alitoka nje akasimama barazani akiangalia barabara. Yai lake lilikaa mezani halijamenywa. Nilimsikia akizungumza na Musoma juu ya kupeleka polisi siku ya kura. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliona kwamba kama kutamwagika damu, itakuwa ni kwa sababu ya bahasha niliyoipeleka mimi. Niliwaza kwamba kama ningenyamaza, watu wangenung'unika wakapiga kura wakarudi kulima. Leo najua haikuwa hivyo, hasira ile ingewaka kwa vyovyote vile, lakini msichana wa miaka ishirini na tatu aliyekaa mbele ya mashine ya taipu hakuwa na wa kumweleza hilo.

Yaliyotokea huko niliyapata baadaye, mengine kwa Mama Magesa na mengine kwa Mama Nyamisi mwenyewe. Jumatatu ileile, jua likielekea kuzama, Mafuru aliwaendea vijana kwenye mawe yao. Hakuwahutubia. Aliinama akaanza kutoa jiwe moja moja na kuliweka pembeni, mzee wa watu, mpaka wakaona aibu wakaanza kumsaidia. Kisha akakaa nao pale pembeni akawaambia kwamba yeye amekatwa na imemuuma, hawezi kudanganya. Lakini jina la Nyamisi limo, na hakuna aliyekuja kulikata. Kesho yake alianza kupita nyumba kwa nyumba. Alianza na nyumba ya Mama Nyamisi, ambaye alimkatalia. Alimwambia yeye aliwekwa kusindikiza wengine na anajua, na anachotaka ni kwenda, kushindwa, na kurudi kwenye dagaa wake kwa heshima. Mafuru akamwambia heshima hiyo ataipata akishinda vilevile.

Siku ya kura ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Mimi nilipelekwa kama karani wa msimamizi, na tulikwenda na polisi wawili waliokaa nyuma ya gari wakisinzia. Barabara ilikuwa wazi, hakuna jiwe. Kura zilipigwa katika darasa la shule ya msingi, madirisha hayana vioo, na upepo wa ziwa ulikuwa ukiinua karatasi mezani ikabidi tuzikandamize kwa vipande vya tofali. Watu walikuja wengi, wametulia, wamevaa nguo za kanisani. Wale waliochoma kadi walisimama nje ya uzio wakiangalia, wamejuta. Bwire alifika na wapambe wake akasalimiana na kila mtu, na kila mtu akamwitikia vizuri, na nadhani ni huko kuitikiwa vizuri kulikomtia wasiwasi, kwa sababu baada ya saa moja alikuja kumnong'oneza msimamizi. Msimamizi akamjibu kwamba majina ni matatu kama yalivyoletwa, ndiyo utaratibu.

Tulihesabu mbele ya watu, msimamizi akifungua karatasi na kusoma, mimi nikiweka alama ubaoni kwa chaki. Nyamisi. Nyamisi. Bwire. Nyamisi. Safu ya Nyamisi ikajaa, nikaanza nyingine chini yake. Ilifika wakati msimamizi akawa hasomi tena, anainua tu karatasi juu ili kila mtu aone, anaiweka chini. Hakuna aliyepiga kelele. Alipotangaza, wanawake waliokuwa nyuma wakapiga vigelegele, na nikamwona Mama Nyamisi amekaa kwenye dawati la wanafunzi wa darasa la kwanza, magoti yamegusa kifua, amejifunika uso kwa kitenge. Polisi wawili walipewa maziwa. Mafuru alikuwa nje akiwasaidia watu kurudisha viti vilivyoazimwa kanisani. Nilipopita karibu yake nilitaka kusema kitu, na yeye akaniambia tu nimwangalie yule mzee pale, kiti kinamwelemea, nikakishike upande wa pili.

Bwire alikata rufaa Musoma. Ikafunguliwa ile fomu, na pale chini, kwa taipu yangu na kwa saini za wajumbe wote, ilikuwa imeandikwa kwamba Mama Nyamisi ni mwadilifu, mchapakazi, na anakubalika kwa wananchi wote wa kata bila ubaguzi. Hawakuweza kuyakana. Rufaa ikafa.

Sitaki mtu afikiri chama kilijifunza. Uchaguzi uliofuata majina yalikatwa tena, kwingine na kwa werevu zaidi, na sehemu nyingi hakukuwa na mtu wa dagaa aliyeachwa kwenye orodha kwa kudharauliwa. Mafuru hakuchukua fomu tena maisha yake yote, na nilipokwenda kumzika, miaka kadhaa iliyopita, hakuna msemaji aliyetaja siasa. Walizungumza juu ya mizani. Mama Nyamisi alikaa udiwani vipindi viwili, akajenga chanja zake, akashindwa mengi, akarudi kwenye dagaa. Ni hayo tu, na kwangu yametosha.

Jumatatu baada ya kura nilikwenda ofisini nimevaa gauni langu zuri, kwa sababu nilijua nafukuzwa na sikutaka kufukuzwa nikiwa na nguo mbovu. Katibu aliniita ndani. Alikuwa akimenya yai. Akaniambia niandike barua ya kupeleka jina la mshindi, niandike vizuri, lisije likakosewa. Nilisimama palepale. Nikamwambia, "Katibu, mimi ndiye niliyekwenda kwa Mafuru na ile barua."

Aliendelea kumenya. "Najua," alisema. "Ile pikapu ni ya mpwa wangu." Akatia chumvi kwenye yai, akaliangalia. "Ningetaka barua ipotee, Nyangeta, ningeichana mwenyewe. Nina mikono."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alijitafutia mahali pa kusimama baada ya mambo kugeuka. Siku nyingine naamini hivi, siku nyingine vile. Lakini pale niliposimama nilipata faraja, nikarudi kwenye mashine yangu. Niliandika barua. Niliisoma mara tatu. Saa sita nikaomba ruhusa, nikasema naumwa, na Katibu akasema aliona tangu asubuhi. Nilishuka Nyasura kwa miguu juani. Bi Mwajuma alikuwa akishona kanzu ya mtu, na aliponiona mlangoni hakuuliza. Alisogeza vitambaa, akatandika mkeka, akaniletea wali uliolala na samaki aliyekuwa amemwekea mumewe. Nilikula wote. Nikaomba mwingine. Kisha nikajinyoosha palepale mkekani, cherehani ikinguruma kichwani kwangu na nyundo ya seremala ikigonga nyuma ya nyumba, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala kwa wiki mbili. Nilipoamka jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba, na nilikuwa nimefunikwa ile kanzu, mkono mmoja umeshashonwa na mwingine bado.